Neno Nililokataa Kulifuta

Mwezi uliopita tulimzika Bwana Elirehema, aliyekuwa bosi wetu, kijijini kwao Mwika, na pale msibani nilimwona Manka kwa mara ya kwanza tangu aondoke ofisini. Alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya turubai, amezungukwa na wanawake saba. Najua walikuwa saba kwa sababu niliwahesabu kabla hata sijaenda kumpa mkono. Walikuwa wake wa wagumu, kama tunavyowaita wapagazi wa mlimani, nao walikuwa wakimwonyesha picha za watoto kwenye simu zao, wakimshika bega, wakimwuliza mbona amekonda. Mimi niliyefanya kazi katika ofisi ileile miaka mingi kuliko yeye niliamkiwa kwa heshima, nikapewa kiti cha plastiki na bakuli la mtori, nikaachwa nile. Hapo nikajua kwamba kile kitu bado kimo ndani yangu. Kimezeeka, kimepungua makali, lakini kimo. Waswahili wanakiita roho ya kwa nini: kwa nini yeye, kwa nini si mimi. Watu wengi wakisimulia mwaka uliowafunza maisha husimulia mwaka wa ujana wao. Wangu ulinikuta nina miaka arobaini na tatu, nimeshaanza kuvaa miwani ya kusomea, na nilidhani nimemaliza kufunzwa.

Ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa, katika mtaa mmoja si mbali na hospitali ya Mawenzi. Sebule ilikuwa imegawanywa kwa ukuta wa mbao nyembamba usiofika darini. Upande mmoja nilikaa mimi, upande wa pili Manka. Kazi ya kampuni ilikuwa kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro, na kazi ya sisi wawili ilikuwa maneno. Mimi niliandika barua za wageni, barua za hifadhi, matangazo ya wafanyakazi na salamu za rambirambi. Nilijivunia Kiswahili changu. Bosi alizoea kusema mbele ya watu, "Barua ya Ndeshi huwezi kuichomolea hata koma," nami nilikuwa naliweka neno hilo moyoni kama mtu anavyoweka cheti. Manka yeye alipiga simu. Msafara ukiwa mlimani, kiongozi wake alituma taarifa kutoka kambini, na asubuhi Manka akawapigia nyumbani kwa wagumu kuwaambia watu wao wamefika wapi na wako katika hali gani. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Aliniamkia shikamoo kila siku, bila kukosa, na kila siku nilisikia katika ile shikamoo kwamba mimi ni mzee na yeye si mzee.

Kupitia ule ukuta nilisikia kila alichosema. "Mama Upendo, umeamkaje? Mafua yameisha? Haya, huyo mwanaume wako jana kafika Horombo, kalalamika soksi zimelowa, kiongozi kamwazima za kwake. Ndiyo! Za rangi ya waridi! Nacheka na mimi." Simu ya dakika mbili ikawa dakika kumi na tano. Akitoka Kiswahili anaingia Kichagga cha Vunjo, na mimi, ambaye Kichagga changu ni cha Machame, nilibaki nadaka neno moja moja huku kalamu yangu imesimama hewani. Nilikuwa najiambia kwamba anapoteza muda wa kazi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nangoja acheke, na akicheka roho inaniuma, na asipocheka nashangaa kulikoni.

Chakula cha mchana tulikula wote katika jiko la nyuma, machalari au kiburu, vyakula vyetu vya ndizi, kutoka sufuria moja. Huko ndiko zilikofikia zawadi. Mgumu akishuka mlimani anapita nyumbani, na akirudi mjini ana kitu mkononi: maparachichi, mayai yaliyofungwa kwenye gazeti, chupa ya maziwa, mkungu wa ndizi. Anaweka mezani na kusema, "Hii ni ya Manka." Manka alitugawia wote, na ndizi zake nilizila, na kila niliyoimeza ilinikwama. Mwezi wa tatu mgumu mmoja wa Marangu alipata binti, akatangaza jikoni pale kwamba mtoto ameitwa Manka. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga. Kwa miaka yote niliyokuwa pale, zawadi niliyowahi kuletewa ilikuwa kalenda.

Mwaka huohuo, baada ya mvua za masika, Bwana Elirehema alirudi kutoka Arusha amechangamka kama bwana harusi. Alikuwa amenunua programu ya kompyuta inayoandika ujumbe yenyewe. Alituita sebuleni akatueleza. Kiongozi wa msafara atajaza fomu kwenye simu yake kambini, atachagua hali ya kila mtu wake, na mashine itatunga ujumbe na kuutuma kwa familia, hata kama ni wagumu mia, kabla chai haijapoa. "Kitakachobaki ni kuifundisha namna tunavyoongea sisi," akasema. "Ndeshi, wewe ndiye mwenye lugha. Iwekee barua zako, weka na ujumbe wa Manka wa simu, ijifunze kwenu wote wawili." Nilisema sawa, bosi. Nikarudi upande wangu wa ukuta, nikaiwekea barua zangu za miaka kumi na tisa. Ujumbe wa Manka, ambao alikuwa amenitumia wote siku ileile bila kinyongo, sikuuweka hata mmoja. Nilijiambia una makosa ya tahajia. Na kweli ulikuwa nayo.

Baada ya wiki moja mashine ilinitolea orodha ya sentensi, kila hali na sentensi yake, ili nizipitie na kuziidhinisha. Nakumbuka furaha niliyoipata. Ilikuwa ni kama kujisikia mwenyewe nikiongea kwa sauti kubwa. "Tunapenda kukujulisha." "Kampuni inatambua na kuthamini." Hakuna soksi, hakuna mafua. Nilizichapa kwenye karatasi nikaziacha jikoni watu wazione, na mchana Manka akaja mlangoni kwangu na karatasi ile mkononi.

"Dada Ndeshi, samahani. Naomba niseme kitu."

"Sema."

"Hii ya mtu akiteremshwa kabla ya wenzake. 'Amemaliza safari yake mapema.' Kule nyumbani wataielewa vingine."

"Wataielewaje?"

"Dada, si unajua. Msibani tunasemaje?"

Nilijua. Alipotamka tu nilijua, na hilo ndilo lililonichoma, kwamba sentensi ilikuwa yangu, nimeiandika mara nyingi kwa mawakala wa wageni wa Ulaya walioshindwa mlima, na ameiona kasoro yake msichana wa simu. Nikamwuliza, "Wewe ungeandikaje?"

"Ameshuka. Yuko mahali fulani, yuko na fulani. Basi. Au hiyo moja msiipe mashine, niachieni niwe napiga."

Katika yote aliyosema, mimi nilisikia lile la mwisho tu. Niachieni niwe napiga. Nikaona anatafuta ufa wa kurudi katika kazi ambayo inamponyoka, na kwamba nikikubali kasoro hii moja, kesho ataleta nyingine, na Bwana Elirehema atasema tena jinsi Manka anavyojua watu. Nikamwambia, "Manka, haya ni maandishi rasmi. Siyo stori za simu."

Alinitazama kidogo. "Sawa, dada," akasema, akaweka karatasi mezani kwangu taratibu. Kabla hajafika upande wake nilikuwa nimeshaidhinisha orodha nzima.

Mwezi uliofuata Manka alihamishiwa stoo, kuhesabu mahema na mifuko ya kulalia. Pendekezo lilikuwa langu. Nililiandika vizuri sana, ukurasa mmoja, kwamba kipaji chake kitumike mahali penye upungufu. Nilipewa cheo cha mkuu wa mawasiliano, na ule ukuta wa mbao ukavunjwa ili nipate nafasi. Siku ya kwanza nilikaa katika chumba kile kipana, kimya, huku mashine ikituma ujumbe wake bila sauti yoyote, nikangoja kusikia raha. Nilichosikia ni vicheko kutoka stoo. Alikuwa na watu hata huko. Wagumu waliokuja kuchukua mahema walikaa juu ya magunia, wakawapigia wake zao kwa simu zao wenyewe, wakampa aongee nao.

Ilitokea asubuhi ya mwezi wa nane, msimu umeshika kasi. Aminieli, mume wa yule Mama Upendo, alizidiwa kambi ya Kibo. Kifua kilimbana, akaanza kuongea ovyo. Wenzake walimshusha kwa machela tangu usiku wa manane, gari likampokea, akafikishwa hospitali mjini akiwa hoi lakini anapumua. Bwana Elirehema alikwenda kumpokea. Kiongozi wa msafara alifanya kama alivyofundishwa: alichukua simu yake akachagua mahali palipoandikwa kwamba mtu ameshuka kabla ya wenzake. Ikiwa saa tatu asubuhi, Mama Upendo alikuwa kihambani, shamba la nyuma ya nyumba, akikata majani ya ng'ombe, simu ikalia mfukoni. Ujumbe nimeukariri. "Ndugu mwanafamilia, tunapenda kukujulisha kuwa Ndugu Aminieli amemaliza safari yake mapema leo. Kampuni inatambua na kuthamini utumishi wake. Ahsante kwa ushirikiano wako."

Mimi nilikuwa nakunywa chai. Simu ya ofisi ililia, nikapokea, mwanaume mtu mzima akajitambulisha kuwa baba mdogo wa Aminieli. Sauti yake ilikuwa imetulia sana. Akauliza, "Tunaomba kujua tu, mama, mwili utaletwa lini?"

Nikamwuliza mwili gani. Akanisomea ujumbe, polepole, kama mtu anayesoma kanisani. Nilipomwambia Aminieli ni mzima, yuko hospitali, akasema, "Haya, mama. Tumekuelewa," akakata. Nikaelewa kwamba hakuniamini. Kwetu mtu akifa mbali, watu wa nyumbani huambiwa kwanza anaumwa, kazidiwa kidogo, njooni. Alidhani nami nafanya hivyo, nimekosea kutoa habari haraka na sasa nairudisha nyuma kwa adabu. Nilimpigia bosi hospitali. Alitukana, jambo ambalo sikuwahi kumsikia akifanya, kisha akasema, "Chukua gari upande Mwika, nyumbani kwake, sasa hivi. Nenda mwenyewe."

Nilipofika, kengele ya usharika, ya kutangaza msiba, ilikuwa imeshapigwa. Wanaume walikuwa wanafunga turubai kwenye migomba. Jikoni moshi mzito ulikuwa unatoka, na wanawake walikuwa wameshaanza kumenya ndizi. Ndani, Mama Upendo alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, kanga imefungwa kiunoni, hatoi machozi tena, anatikisika tu. Watu walinipisha njia kwa sababu nilikuwa na kitambulisho cha kampuni shingoni. Nikasimama katikati ya chumba kile, na sijui nani aliyeongea kwa kinywa changu. Nilisema, "Napenda kuwajulisha kuwa taarifa iliyotolewa awali haikuwa sahihi."

Bibi mmoja aliyekuwa amemshika Mama Upendo mabega aliniuliza, "Wewe ndiye uliyeandika ile?"

"Iliandikwa na mashine, bibi. Aminieli ni mzima. Nawaapia."

"Wanasema hivyohivyo," akasema bibi, si kwa hasira, akinisikitikia.

Ndipo Mama Upendo akainua kichwa. Alinitazama kama anayetazama kupitia dirisha, akitafuta mtu aliye nyuma yangu. "Manka yuko wapi?" akasema. "Nipeni Manka. Manka akisema amekufa, nitajua amekufa. Akisema mzima, ni mzima."

Nasema haya kwa sababu nimeiahidi nafsi yangu kwamba sehemu hii sitaipamba. Katika chumba kile, mbele ya mwanamke niliyemfanya mjane kwa saa nne, kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni hakikuwa huruma. Kilikuwa wivu. Nilikuwa nimekuja mwenyewe, nimepanda ile njia ya vumbi, naapa, na bado aliyetakiwa ni yule wa stoo. Kwa kitambo kidogo, labda pumzi mbili, nilifikiria kusema kwamba Manka hapatikani. Kisha nikampigia.

Alipokea mara moja. Kumbe alikuwa ameshasikia kutoka kwa dereva aliyemfikisha Aminieli hospitali, hakumwomba mtu ruhusa, alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Aminieli. Nikaweka simu kwenye spika na kuinyanyua juu ili chumba kizima kisikie, mkono wangu ukiwa ndicho kitu pekee nilichoweza kutoa. Manka hakuanza na pole. Aliongea Kichagga, haraka, akimwita Mama Upendo kwa jina lake la usichana, kisha tukasikia kitu kinasogezwa, mlio wa mtungi wa hewa, na sauti ya mwanaume dhaifu, yenye hasira kidogo, inauliza kwa Kiswahili, "Yule ng'ombe amezaa?"

"Amezaa!" Mama Upendo alipiga kelele. "Amezaa jike, juzi! Amezaa, baba Upendo!" Sasa ndipo alipolia, na nyumba yote ikalia naye, na nje nikasikia mtu anaamrisha turubai lifunguliwe. Bibi yule aliichukua simu mkononi mwangu akaiambia, "Aika, mwanangu, aika," ahsante, ahsante, akanirudishia bila kunitazama.

Kikao kilikaliwa kesho yake. Bwana Elirehema alikuwa hajalala. Aliuliza sentensi ile ilipitaje, na mimi nikasema, "Mashine ndiyo iliyotunga, bosi." Manka alikuwa amekaa karibu na mlango, na vumbi la stoo kwenye viatu. Alinitazama mara moja, akatazama mikono yake, hakusema neno. Bosi aliilaani mashine, akamlaani aliyemuuzia, na mambo yakaishia hapo. Mashine haina uso, unaweza kuitwika chochote. Lakini kwa wiki kadhaa sikuweza kula jikoni. Nilikuwa namwonea wivu sasa hata kwa ukimya wake, kwa sababu ulikuwa ukimya wa mtu ambaye hahitaji kunishinda.

Mwisho wa mwaka alipata kazi katika zahanati huko Rombo. Siku aliyokuwa anakusanya vitu vyake nilimfuata stoo, nikafunga mlango, nikamwambia kwamba nimesema uongo, na kwamba ninajua anajua. Alikuwa anakunja hema. Hakuacha kulikunja.

"Mashine ningeiambia, ingebadilisha," akasema. "Haikuambiwa, dada. Aliyeambiwa ni wewe."

"Mbona hukusema kwenye kikao?"

"Ningesema, ingekuwa habari ya mimi na wewe. Wangesahau habari ya Mama Upendo." Akaliweka hema juu ya mengine. "Na mimi sijawahi kukuelewa. Wewe unaandika vizuri kuliko watu wote ninaowajua. Nilipokuja hapa mara ya kwanza nilikuwa nazichukua barua zako nazisoma nyumbani, natamani kuandika vile. Nilikuwa nakuonea wivu."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa bosi nikamweleza yote, orodha, onyo, stoo. Alinisikiliza hadi mwisho. Cheo nilinyang'anywa. Mashine hakuitupa, aliiachia mambo ya saa za gari la uwanja wa ndege na orodha za vifaa, ambayo inayafanya vizuri hadi leo. Habari za watu kwenda kwa watu wao zilirudishwa kwenye simu, na kwa kuwa Manka ameondoka, aliyepewa simu ni mimi. Bosi alisema hiyo siyo adhabu. Mimi sikuwa na hakika.

Aminieli alirudi mlimani mwezi wa kwanza, baada ya daktari kumruhusu, kwa sharti la kuishia kambi ya Horombo, chini ya Kibo. Asubuhi ya pili ya safari hiyo nilikaa na karatasi yenye namba za familia, namba ya kwanza ikiwa ya Mama Upendo, nikaiacha ya kwanza nikapiga zote nyingine. Kisha nikaipiga.

"Haloo?"

"Mama Upendo, habari za asubuhi. Ni Ndeshi, wa ofisini."

Nilisikia kuku. "Yule wa ujumbe?"

"Ndiye mimi."

"Manka hayupo?"

Wivu ukanichoma, ndiyo. Hata pale. "Hayupo. Amehamia Rombo. Nimebaki mimi." Kisha nikasema lile nililopaswa kulisema miezi mitano nyuma, kwamba sentensi ile niliipitisha kwa mkono wangu na kwamba nilikuwa nimeonywa. Nililisema vibaya, nikirudia maneno, bila mpangilio wowote.

Hakuniambia amenisamehe. Nikasikia anavuta kigoda au kiti. Kisha akauliza, "Ameamkaje?"

"Ameamka salama. Yuko Horombo. Kiongozi anasema anakohoa kidogo."

"Anakohoa vipi? Kikavu au cha makohozi?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kujibu swali lile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ya maneno. "Sijui," nikasema. "Sikuuliza. Nina simu nyingine hapa, ngoja nimpigie kiongozi ampe, nimsikie mwenyewe."

"Mpigie," akasema Mama Upendo. "Nasubiri."

Wala hakukata.